Jina "Nile" ni la nani? Nchi za bonde ziachane nalo au libaki?

KalamuYaKagera
Wakuu, hoja yangu ni fupi. Mto unagusa nchi 11 na hakuna hata moja iliyoubatiza Nile. Wamisri wa kale waliuita Iteru. Wahabeshi wanauita Abay. Basoga wa Uganda wanauita Kiira. Hili la Nile ni Neilos ya Wagiriki, likapita kwa Warumi, likapita kwa Mwingereza, likatua kwenye ramani za shule zetu. Mobutu mwaka 1971 alifuta Kongo kwenye mto akaandika Zaire, sisi tunashindwa nini? Nchi za bonde zikae zichague jina moja la Kiafrika. Na tusisahau kwamba Misri yenyewe iliitwa Kemet, nchi ya watu weusi, kabla Wagiriki hawajaichafua. Halafu wale mnaoandika "Naili", naomba mrudi darasa la tatu.

FundiHerufi
Darasa la tatu la wapi, mkuu? Kiswahili hakina e bubu. "Nile" ukiisoma kwa Kiswahili ni ni-le, yaani unaomba ruhusa ya kula.

Njia ziko mbili. Ya kwanza: Kigiriki cha kale kiliandika ει, lakini kufikia zama za Warumi wasemaji walishaitamka "ii" ndefu. Ndiyo maana Waarabu walipoingia Misri wakabaki na an-Nil yenye "ii", hawakusema Nayl. Anayefuata njia hiyo aandike Nili. Ya pili ni ya Kiingereza: "ii" ndefu zao za zamani ziligeuka "ai" kwenye karne ya 15 na kuendelea, ndipo ikazaliwa Naili. Anayeandika "Nile" ndani ya sentensi ya Kiswahili amenakili tahajia ya London herufi kwa herufi, halafu ndiye huyohuyo anayetupigia kelele za ukoloni.

Mlamba_Asali
😂 Ni-le. Mleta mada kashiba maandazi ya uso.

ShekheUbwabwa
FundiHerufi umeanza vizuri, hapo kwa Waarabu umechapia. Waarabu hawakuhitaji kupewa neno na Mgiriki. Nil inatokana na *nahl*, mto kwa Kisemiti, na hata Kiebrania wanayo. Wengine wanasema ni kutoka *nala*, kupata, kwa sababu mto ule unatoa riziki. Dada zetu wanaoitwa Naila jina lao ni la mzizi huohuo.

Pilipili_Kavu
Shekhe wangu, *nahl* kwa Kiarabu ni nyuki. Sura ya 16. Mto ni *nahr*, kwa ra.

Konsonanti hizi mnazichanganya kila mjadala huu ukirudi. Kiebrania kina *nahar*, mto, yenye ha nyepesi (ه), ndugu wa *nahr* ya Kiarabu. Kina pia *nahal*, bonde la kijito, yenye ha nzito ya koo (ح). Wanaotafuta asili ya Neilos kwenye Kisemiti wanatumia hii ya pili kwa sababu ina L. Kasoro yake ni hii: *nahal mizrayim* ya kwenye Biblia, ile "kijito cha Misri" katika Hesabu 34:5, kwa wengi wanaoichambua ni Wadi el-Arish kule Sinai, korongo linalojaa maji msimu wa mvua tu. Naili yenyewe Kiebrania kinaiita *ye'or*. Sasa Mfoinike, baharia Msemiti wa kale, aende kumwambia Mgiriki kwamba mto mkubwa kuliko yote aliouona ni korongo la msimu?

Na Qurani haikuutaja Nil kwa jina. Mama yake Musa aliamriwa amtupe kwenye *al-yamm*, Taha 39. Firauni akijisifu, Zukhruf 51, anasema *al-anhar*, mito, kwa wingi.

ShekheUbwabwa
Nyuki najua, ni kidole kiliteleza. Lakini hujajibu la *nala*.

Pilipili_Kavu
La *nala* linajibika kwa tarehe. Hesiodo, mshairi wa Kigiriki, anamtaja Neilos kwenye orodha yake ya mito kama miaka 700 kabla ya Kristo. Huwezi kupata jina la Kigiriki cha karne hiyo kutoka kwa maana ambayo wasomi wa Kiarabu waliitafuta zaidi ya miaka elfu baadaye. Neno likishaingia kwenye lugha, wenye lugha hulitafutia mzizi nyumbani. Ni kawaida, ila asili haipatikani hivyo.

Kizazi_cha_Nubia
Mnabishana nyuki na ha nzito, mmeruka jambo zito la mleta mada. Kemet! *Km* ni nyeusi, hata wanaoandika vitabu vya Ulaya wanakubali. Wanahistoria wa Kiafrika Cheikh Anta Diop na Obenga waliliweka mezani Cairo mwaka 1974 kwenye mkutano wa UNESCO. Nchi ya Weusi. Nani hapa ana ubavu wa kupinga?

FundiHerufi
Napinga tafsiri, sipingi rangi ya mtu. Maandishi ya Kimisri yana alama ya mwisho isiyotamkwa inayosema neno ni la aina gani. *Kmt* inapokuwa nchi huishia na duara lenye njia panda ndani, alama ya mji au nchi. Ingekuwa "watu weusi" ungetarajia mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja na vistari vitatu vya wingi. Pia kuna jozi yake: *dshrt*, nchi nyekundu, jangwa. Kama Kemet ni watu weusi, basi nionyeshe hao watu wekundu wanaoishi kwenye mchanga.

Weusi wa Kemet ni tope. Mafuriko yalipanda kuanzia Juni, yakafika kilele karibu na Septemba, yakishuka yanaacha udongo mweusi kutoka nyanda za juu za Ethiopia.

Kizazi_cha_Nubia
Kumbe weusi wakiwa kwenye tope mnawakubali, wakiwa kwenye ngozi mnatafuta alama ya duara. Nimekuelewa, ndugu. Umesomeshwa na nani?

Mlamba_Asali
Povu limeanza. Leteni viti.

FundiHerufi
Acha hizo. Wamisri walikuwa na rangi gani ni swali halali, lakini halijibiwi na neno *kmt*. Linajibiwa na mifupa, picha za makaburini na vinasaba. Wewe umelibebesha neno moja kazi ya maabara.

Kizazi_cha_Nubia
Na wewe umeibebesha alama moja kazi ya historia nzima ya Waafrika. Tuko sare.

Kiira_Jinja
Naomba nirudi kwenye mto. Mleta mada ametaja Kiira kana kwamba Basoga wamempa mto wote. Sivyo. Kiira, au Kiyira, ni kipande kinachotoka Ziwa Victoria, Jinja, pale yalipokuwa maporomoko ya Ripon kabla ya bwawa la Owen Falls la 1954 kuyafunika. Ukishuka nao, jina linabadilika kila hatua: unaingia Kyoga, unapita maporomoko ya Murchison (enzi za Amin yaliitwa Kabalega, kisha yakarudi Murchison, mchukue somo hapo), unaingia Ziwa Albert, ambalo Wanyoro wanaliita Mwitanzige. Ukivuka Nimule ni Bahr al-Jabal. Baada ya Ziwa No na mdomo wa Sobat ndipo unaitwa Bahr al-Abyad, Nile nyeupe. Khartoum unakutana na al-Azraq, Nile ya buluu, ndiyo Abay ya Wahabeshi. Na mkulima wa Misri husema *el-bahr* tu, neno ambalo kwenye Kiarabu cha vitabu ni bahari.

Wa kale hawakuhitaji jina moja, kwa sababu hakuna aliyeuona wote. Jina moja kutoka ziwani mpaka Mediterania ni hitaji la mchora ramani.

KalamuYaKagera
Asante Kiira_Jinja, lakini umethibitisha hoja yangu: majina yapo, tuchague. Iteru ndilo kongwe kuliko yote. Tuanze nalo.

Pilipili_Kavu
Mzee, Iteru hakuna Mmisri wa kale aliyewahi kuitamka hivyo. Hieroglifu hazikuandika irabu. Kilichopo ni konsonanti: *y-t-r-w*. Hiyo "e" imepachikwa na walimu wa vyuo ili midomo yao isikwame.

Ukitaka kujua jina lilivyosikika, fuata hatua hizi. Chukua tahajia kongwe, *ytrw*. Angalia ilivyoandikwa baadaye: kufikia Ufalme Mpya, enzi za nasaba ya 18, waandishi wanaanza kuidondosha t. Nenda kwenye Kikopti, yaani Kimisri cha mwisho, ambacho kinaandika irabu kwa herufi za Kigiriki: mfereji au mto ni *eioor*, na Naili ni *eiero* kusini, *iaro* kaskazini, ambayo ni "mto" pamoja na neno la zamani la "kubwa". Halafu linganisha na jirani aliyeazima: Kiebrania *ye'or* hakina t, kwa hiyo kiliazima t ikiwa imeshakufa. Hapo una tarehe bila kuchimba hata kaburi moja. Kosa la wengi ni kuruka hatua zote hizo na kulinganisha sauti ya leo na sauti ya leo.

Na maana yake ni "mto". Kwenye Daniel 12 *ye'or* hiyohiyo inatumika kwa Hidekeli, yaani Tigris. Kwa hiyo unataka nchi 11 zikae Entebbe, zilipe posho, ili Mto Naili uitwe Mto Mto.

Mlamba_Asali
Mto Mto 😂😂 na Hapi je? Nilisoma Wamisri waliuita Hapi.

Pilipili_Kavu
Hapi ni mafuriko, na mungu wa mafuriko, yule mwenye tumbo na matiti. Walikuwa wakisema "kuja kwa Hapi". Mto wenyewe ulikuwepo mwaka mzima, Hapi alikuja kwa msimu.

ShekheUbwabwa
Hakuna aliyegusa la Kihindi. *Nila* kwa Kisanskriti ni buluu ya kuiva. Kutoka hapo Waajemi wakapata *nil*, ya rangi, na Waswahili mpaka leo tunayo nili ya kufulia nguo nyeupe. Nile ya buluu, al-Azraq. Speke mwenyewe, yule mpelelezi Mwingereza, kwenye kitabu chake cha 1863 aliweka ramani ya Wahindi yenye mto huo.

FundiHerufi
Nili ya nguo ni kweli, ni ya *nila*. Rangi. Mto ni habari nyingine kabisa, zimegongana sauti.

Ramani ya Speke ina aibu yake. Ilitoka kwa Francis Wilford, mwanajeshi wa jeshi la Waingereza kule India, aliyeandika miaka ya 1790 kwamba vitabu vya Wahindi vinaijua Naili na milima ya mwezi. Mwaka 1805 Wilford huyohuyo alikiri hadharani kwamba msomi aliyemwajiri amsomee vitabu alikuwa akichomeka maneno ili kumfurahisha. Speke akaja kuichapisha miaka karibu 60 baada ya kukiri huko! Na *azraq* ya Sudan usiikazanie. Kule neno hilo hutumika pia kwa kitu cheusi au cha giza, na maji ya Abay wakati wa mafuriko ni ya tope.

KalamuYaKagera
Basi mabingwa semeni, Neilos imetoka wapi? Mnabomoa tu.

Pilipili_Kavu
Asili yake haijathibitishwa, na anayekuapia anakuuzia. Dhana ninayoiona ina miguu ni ya Kimisri: msemo wa matawi ya mto kwenye delta, kitu kama *na-ro-ha-*, "midomo ya mbele". Mgiriki alifika kwa jahazi kupitia delta, si kupitia Jinja, kwa hiyo jina la kwanza kulisikia lingekuwa la midomo. R kuwa L si ajabu, lahaja ya Kikopti ya Fayum inafanya hivyo kila mahali. Na Homeri, mshairi mwingine wa Kigiriki, ambaye hana Neilos kabisa, anauita mto wenyewe *Aigyptos*, na hilo limetoka kwenye jina la hekalu la mungu Ptah kule Memfisi. Kwa hiyo hata hayo majina "ya Wagiriki", moja ni la Kimisri bila ubishi na la pili huenda.

Kizazi_cha_Nubia
Kwa hiyo Nile ni la Kiafrika! Uzi ufungwe.

Mlamba_Asali
Bado la 365. Herufi za Neilos zikijumlishwa zinatoa siku za mwaka. Hiyo si bahati.

FundiHerufi
50+5+10+30+70+200, jumla 365, ni kweli. Ila Wagiriki kutumia herufi kama tarakimu ni jambo lililokuja baada ya Hesiodo. Na ukiandika bila epsiloni, Nilos, kama baadhi ya waandishi wa baadaye, unapata 360. Chagua kalenda yako.

Kiira_Jinja
Na huyo Mobutu mnayemsifu: Zaire ni Wareno walivyosikia *nzadi* au *nzere* ya Kikongo, na maana yake ni mto. Jina likarudi Kongo mwaka 1997.

KalamuYaKagera
Jina si mchezo. Mkataba wa 1959 wa Misri na Sudan unasema "maji ya Nile", wakagawana yote kama ya kwao. Misri bilioni 55.5 za mita za ujazo, Sudan 18.5. Sisi wa juu sifuri. Nyerere alikataa mkataba wa Mwingereza wa 1929 mapema kabisa, mwaka 1962. Aliyekupa jina ndiye anayekugawia maji.

Kiira_Jinja
Na bilioni 10 za mvuke na kupotea ziwani Aswan, ndipo ifike 84. Asilimia kama 85 ya maji yanayofika Aswan yanatoka Ethiopia, ambayo haikuitwa kwenye kikao. Waliugawa kwa sababu walikuwa wawili mezani, hata ungeitwa Mto Mto wangeugawa.

FundiHerufi
Mkataba wa ushirikiano wa bonde ulianza kufanya kazi Oktoba 2024, baada ya kuridhiwa na nchi sita: Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Maandishi yote yanasema Nile. Ukibadili jina unarudi mabunge sita kuomba marekebisho, na Cairo itafurahi kuona mnaanza upya.

Mlamba_Asali
Sita? Kenya iko wapi?

Kiira_Jinja
Kenya ilitia saini 2010, ila kufikia Oktoba 2024 ilikuwa haijaridhia.

Kizazi_cha_Nubia
Wakenya humu ndani njooni mjibu hilo kwanza.