Kupima viinitete kabla ya kupandikiza: mtu wa Kigoma alipie?

Mwanzisha mada, Ujiji: Wadau, tubishane bila matusi. Wanandoa wa huku wanaotafuta mtoto kwa IVF (yai hurutubishwa maabara, kisha kiinitete, yaani mimba changa kabisa, hupandikizwa tumboni) hufunga safari, wengi hadi Dar. Siku hizi kuna na kipimo cha nyongeza cha kromosomu (vifurushi vya vinasaba ndani ya seli), eti kionyeshe kiinitete kipi kitashika. Kwa walio wengi, mimi nasema wasilipie.

Kinachopimwa ni chembe (seli) chache tu, kama 5 hadi 10, zinazonyofolewa siku ya 5 au 6 baada ya yai kurutubishwa. Tena hutoka ukuta wa nje utakaokuja kuwa kondo la nyuma, siyo fungu la ndani litakalokuwa mtoto. Kiinitete kimoja chaweza kuwa na chembe nzima na mbovu pamoja. Mwaka 2015 madaktari wa Italia waliripoti watoto wenye afya waliotokana na viinitete vya namna hiyo. Kwingine vingetupwa.

Halafu tazameni China, 2021: wanawake 1,212 wa miaka 20 hadi 37, wenye viinitete vizuri vya kutosha. Waliopimiwa, asilimia 77.2 walijifungua. Ambao viinitete vyao vilichaguliwa kwa darubini tu, 81.8. Kipimo hakitengenezi kiinitete, kinachagua katika vilivyopo. Sasa aliyeuza kiwanja Mwandiga apate mzunguko mmoja wa IVF, bili hii ya nini?

Binti wa Kasulu: Mkuu, hao hawakuzidi miaka 37. Mimi nina 41. Umri ukisonga, mayai yenye kromosomu pungufu au zilizozidi huongezeka, na hayo ndiyo chanzo cha mimba nyingi kutoka mapema. HFEA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia mambo haya, imekipa kipimo hiki alama nyekundu kwenye kuongeza nafasi ya kupata mtoto, lakini kijani kwenye kupunguza mimba kuharibika. Hujawahi kupoteza mimba huku mawifi wanakuhesabia. Nitalipa.

Mwanzisha mada: Pole dada. Kwa umri wako sibishi sana. Ila ukipata viinitete viwili na vyote vikaandikiwa vibovu, hupandikiziwi kitu. Unapanda treni kurudi mikono mitupu, na bili umelipa.

Binti wa Kasulu: Bora hivyo kuliko kulia wiki ya nane.

Mzee wa Maabara, Tabora: Msije mkauziwa na ile ya kupima majimaji ambamo kiinitete hulelewa, bila kunyofoa kitu. Wanatafuta humo protini na vipande vya DNA (vinasaba). Protini ya HLA-G ilishangiliwa miaka ya 2000, maabara nyingine zikarudia na kupata majibu tofauti. DNA nayo huchanganyika na ya mama. Huo bado ni utafiti.

Kinachonishangaza ni watu kufika kwenye kromosomu wakati mirija ya mke haijapigwa picha na mume hajapima mbegu. Kupima mbegu kunataka darubini na mtaalamu wa kuitumia, hata safari ya Dar haihitajiki.

Binti wa Kasulu: Shikamoo mzee. Hilo la mbegu njoo ulisemee Kasulu, mbele ya wakwe zangu.