Sigara na kazi za Mlima Kilimanjaro: kampuni za kupandisha wageni ziwakatae wavutaji?

Mhasibu, Njiro: Ziwakatae. Utafiti wa Levine na wenzake huko Marekani, 1997, ulikuta wavutaji wanalipwa pungufu ya wasiovuta kwa asilimia 4 hadi 8. Hapa kwetu, tuseme sigara moja ni shilingi 200: nane kwa siku ni 584,000 kwa mwaka. Mpagazi anayetaka kupanda hadi kuongoza wageni anaihitaji hela hiyo kwa kozi na leseni.

Mdau, Kiboriloni: Mkuu, hesabu sawa, hukumu siyo. Kibarua asiye na mkataba ana sababu nyingi za kuwa na kipato kidogo. San Francisco walifuatilia watu wanaotafuta kazi: baada ya mwaka mmoja asilimia 27 ya wavutaji walikuwa wameajiriwa, wasiovuta 56. Sehemu ya pengo hilo huenda ni waajiri tu kuwakwepa. Ukiwakataa, unatengeneza ushahidi wako mwenyewe.

Muuguzi, Sakina: Waajiri waangalie damu kwanza. Kaboni monoksaidi ya moshi hung'ang'ania chembe nyekundu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na pale Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, oksijeni ni kama nusu ya ile ya pwani. Kinachoponza ni kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni: hakitofautishi damu yenye oksijeni na yenye kaboni monoksaidi, hivyo mvutaji husomeka mzima kuliko alivyo. Ila tusiongeze chumvi, tafiti kuhusu sigara na ugonjwa wa mwinuko, ule wa kupanda juu sana, hazikubaliani.

Mwongoza wageni, Rau: Basi asivute tangu mchana kabla ya kupanda kileleni usiku?

Muuguzi, Sakina: Inasaidia, kwani nusu ya gesi hiyo hutoka kwa saa nne au tano. Lakini arosto, yaani mwili kuidai nikotini, kilevi cha sigara, nayo huanza ndani ya saa chache, na kilele chake ni siku ya pili au ya tatu. Kuacha ghafla katikati ya safari ni kujitafutia hasira na usingizi mbovu. Aache Aprili au Mei, mvua zikipunguza wageni. Wiki mbili hadi nne huwa zimetosha arosto kupungua. Cha kumsaidia ni bigijii ya nikotini: anayewasha sigara ndani ya nusu saa tangu kuamka achukue ya miligramu 4, wengine 2. Itafunwe taratibu, ikianza kuwasha ibanwe shavuni. Kahawa isinywewe robo saa kabla, huzuia dawa kuingia.

Mdau, Kiboriloni: Sawa dada, lakini Mei mpagazi hana safari wala posho. Hiyo bigijii atanunua nani?

Mhasibu, Njiro: Hapo kampuni ichangie. Ila atakayevuta tena Julai, mimi simpangii safari.