Wauza "orijino ya jeshi" Mbeya na Iringa, mnatuumiza

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na nyuzi za mitindo, hapa hakuna anayetafuta nguo ya kupigia picha.

Natafuta maduka ya kizamani ya vifaa vya jeshi vilivyoondolewa kwenye matumizi. Simaanishi kombati, simaanishi mabaka, wala kitu chochote cha jeshi letu. Namaanisha blanketi zito la sufu, turubai la kitambaa lenye pete za shaba, dumu la chuma la lita 20, sepetu la kukunja, sweta la sufu lenye viraka mabegani, buti la ngozi ya kweli. Vitu ambavyo majeshi ya huko nje yaliagiza kwa maelfu, yakavikagua kabla ya kuvipokea, kisha yakaviuza yalipopata vipya. Zamani ukipekua mitumba Mwanjelwa ulikuwa unavikuta katikati ya belo, muuzaji mwenyewe hana habari, anakupa kwa bei ya koti la kawaida. Leo muuzaji hana kitu chochote cha maana, ila neno "jeshi" halimtoki mdomoni.

Nilinunua buti kwenye duka moja hapa Mbeya mjini. Nikaambiwa ni za jeshi la Ujerumani, nikalipa elfu tisini. Nikaenda nazo Makete kwenye viazi, mvua ikanyesha, soli ya mguu wa kulia ikaachia kuanzia vidoleni. Ndani kulikuwa na boksi. Boksi kabisa, limelowa na kuwa uji. Ile "ngozi" ilikuwa leksini, yaani ngozi bandia, iliyopigwa rangi. Nikarudi dukani, kijana akaniangalia usoni akaniambia: "Kaka, hizo si za kuingia nazo matopeni." Buti la jeshi lisiloingia matopeni! Pesa hakurudisha, risiti hakuwa ameandika, na alipoona nimepandisha sauti akawaita wenzake.

Ningekuwa peke yangu ningenyamaza. Lakini nendeni Mafinga mkawaulize vijana wanaopasua mbao na kupakia magogo ya Sao Hill. Waulizeni wachuma chai wa Mufindi na Rungwe. Kila mtu ana hadithi ya buti "la jeshi" lililokufa kabla ya msimu kuisha, au koti la "mzungu" ambalo zipu imekatika siku ya pili. Huku kwetu si Dar. Kitulo iko zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai unaamka majani yana barafu. Mtu anayeingia shambani saa kumi na mbili asubuhi kwenye baridi ile hanunui koti zito kwa mbwembwe. Akiuziwa feki anaugua kifua, na pesa ya koti jingine hana.

Kwa vile wauzaji wanategemea tusijue, ngoja nieleze ninachokijua. Kifaa halisi cha jeshi la nchi za NATO mara nyingi kina namba ya stoo kwenye lebo au kimepigwa mhuri: tarakimu 13 zilizogawanywa nne, mbili, tatu, nne. Zile mbili za fungu la pili zinataja nchi. 99 ni Uingereza, 12 ni Ujerumani, 14 ni Ufaransa, 00 au 01 ni Marekani. Vya Marekani vya kabla ya 1974 vina tarakimu 11. Na hapa ndipo waongo wananaswa: kwenye nguo na viatu kila saizi ina namba yake. Ukikuta makoti matatu ya saizi tofauti yana namba ile ile, ondoka dukani. Nimeonyeshwa jaketi wanaloliita M-65, lile la Marekani la mwaka 1965 lenye mifuko minne mbele na kofia iliyokunjwa ndani ya kola. La kweli lina zipu nzito ya kola na vifungo vya ndani vya kushikia bitana ya baridi. Nililoonyeshwa kola haikuwa na zipu. Ilikuwa imeshonwa mshono wa mapambo tu ufanane na zipu! Na bei yake ilikuwa inazidi koti jipya la mvua.

Hata buti halali lina mtego wake. Soli za poliuretani zikikaa ghalani miaka mingi hupasuka na kumeguka vipande, hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa. Muuzaji mkweli angekukunjia soli mbele yako. Wa kwetu anazipaka kiwi zing'ae.

Huko nje, maduka ya vifaa vya jeshi hayakuanza kama maduka ya fasheni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani na Uingereza zilibaki na maghala yaliyojaa mablanketi, mahema, malori na madumu, zikayauza kwa raia kwa bei ya chini, na kwa miongo kadhaa wakulima, wavuvi na mafundi wa huko walivaa na kutumia vitu hivyo. Lile dumu la chuma lenye mishikio mitatu na alama ya msalaba ubavuni ni kazi ya Wajerumani ya mwaka 1937. Waingereza kule jangwani Afrika Kaskazini walikuwa wanabeba petroli kwenye madebe mepesi yaliyovuja ovyo, walipoyateka ya Wajerumani wakayaiga. Mpaka leo linatengenezwa kwa umbo lile lile. Hata Tanganyika ilishawahi kupokea masalia ya vita: ule mradi wa karanga wa Kongwa ulioanza 1947 ulitumia matrekta chakavu ya jeshi na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Vingi viliharibika mapema na mradi ukafa 1951, lakini angalau walioleta walisema wazi wameleta nini.

Naelewa kwamba vitu vyenyewe vimepungua. Marekani iliacha kuandikisha vijana kwa lazima 1973, Ujerumani ikasimamisha 2011. Askari wakipungua, na makoti ya kuuzwa yanapungua. Sawa. Lakini kupungua kwa bidhaa hakumpi mtu ruhusa ya kubandika jina la jeshi la Ujerumani kwenye leksini.

Halafu kuna suala la sheria, na hapa naomba tusipotoshane. Raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo ni kosa, na Agosti 2023 jeshi letu, JWTZ, lilitoa siku saba wenye nazo wazisalimishe. Mimi naliunga mkono hilo kwa asilimia mia, maana tumeona wahalifu wakijificha ndani ya mabaka. Kinachonikera ni jinsi wauzaji wanavyoligeuza kuwa kichaka. Ukiuliza blanketi, "siku hizi wamekataza." Ukiuliza dumu, "wamekataza." Kisha anakuvuta pembeni, ananong'ona kwamba anacho kimoja "cha ndani," bei mara tatu. Huyo anauza woga. Na akikutolea kweli kitu cha mabaka, anakuingiza kwenye matatizo wewe unayetoka nacho barabarani, yeye anabaki dukani.

Mawinga, yaani madalali wa mtandaoni, ni kundi jingine. Picha ameichukua kwenye duka la Uingereza, mzigo unakuja kwa basi kutoka Kariakoo, unatuma pesa kwanza, unafungua mfuko unakuta kitu kingine kabisa. Ukimpigia, namba haipatikani.

Ninachotaka ni hiki. Mamlaka zinazohusika zitoe maelezo kwa picha, zibandikwe masokoni: hiki raia haruhusiwi, hiki ruksa. Mama anayeuza mablanketi soko la Soweto hapa Mbeya asiishi kwa hofu, na tapeli akose pa kujifichia. Pili, minada ya vifaa chakavu vya serikali iwe na mafungu madogo ambayo mkulima anaweza kuyanunua, siyo kila kitu kinunuliwe kwa loti na mtu mmoja mwenye lori. Tatu, SUMAJKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), tayari wanawauzia raia samani na maji ya kunywa. JKT wapo Mafinga na wapo Itende, wanaijua baridi yetu. Watutengenezee buti la kazi na blanketi zito, rangi ya kiraia, bila nembo yoyote. Nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na nina hakika vijana wa Sao Hill watakuwa nyuma yangu.

Na ninyi wenye maduka mnaosoma humu, andikeni risiti. Andikeni "buti la leksini" kama ni leksini. Mtu akiamua kununua akijua, hana ugomvi na ninyi.

Kama kuna mdau Njombe, Makambako, Tunduma au Iringa mjini anayefungua belo za makoti mazito na mablanketi ya sufu kutoka Ulaya, aandike hapa yuko soko gani na anafungua siku gani. Nitakuja, nitasoma lebo, nitakunja soli, nikiridhika nalipa hapo hapo.