Shemeji anataka kugombea Kongresi jimboni Maine 2028: aanzie wapi?

Dada Zawadi
Wakuu, salaam. Nauliza kwa wanaojua sheria za uchaguzi za huku Marekani. Shemeji yangu (mume wa dada) ni mzaliwa wa Bukavu, anaishi Portland, Maine, na amepania kugombea kiti cha Baraza la Wawakilishi mwaka 2028, wilaya ya kwanza ya jimbo hilo. Kiapo cha uraia alikula Novemba 2021. Kundi la WhatsApp la ukoo lina watu Bukavu, Nairobi, Dar na London, na wameshaanza kutaja michango. Naomba kujua:
1. Miaka yake ya uraia inatosha?
2. Harambee ya ukoo inaruhusiwa?
3. Saini za kuingia kwenye karatasi ya kura zinakusanywaje?
4. Apitie chama au awe mgombea huru?

Kipanga
Dada, swali la kwanza ni jepesi. Katiba inataka mambo matatu kwa Baraza la Wawakilishi: umri wa miaka 25, uraia wa miaka 7, na awe mkazi wa jimbo siku anapochaguliwa. Si lazima aishi ndani ya wilaya anayoigombea, ingawa asipoishi humo wapinzani watamsema mpaka siku ya kura.

Miaka 7 huhesabiwa tangu siku ya kiapo, si siku ya usaili wala tarehe ya pasipoti. Yake inatimia Novemba 2028. Mchujo wa vyama Maine ni Jumanne ya pili ya Juni, kwa hiyo 13 Juni 2028, wakati huo bado hajatimiza. Asitishike. Kwa utaratibu wa Baraza lenyewe, umri na uraia hutazamwa pale mtu anapoapishwa, na Kongresi mpya huanza 3 Januari 2029. Ila ajiandae na majibu, maana mwandishi wa habari wa kwanza atakayepiga hesabu atamuuliza hilo.

Kabla sijaendelea: anafanya kazi wapi?

Dada Zawadi
Posta. Anasambaza barua. Anafikiria kuomba likizo bila malipo miezi ya kampeni.

Kipanga
Ndiyo maana nikauliza. Hapo ndipo safari nzima inaweza kukwama. Sheria ya mwaka 1939 iitwayo Hatch Act inamzuia mfanyakazi wa serikali kuu, wa Posta akiwemo, kuwa mgombea katika uchaguzi wa vyama. Likizo haimtoi kwenye katazo, iwe ya malipo au bila malipo. Kugombea kama huru nako hakumwokoi: uchaguzi wowote ambao hata mtu mmoja amesimama kwa tiketi ya chama ni uchaguzi wa vyama.

Tena katazo halianzi siku ya kurudisha fomu. Kuzungusha karatasi za saini, kuomba michango, hata vikao vya kupanga kampeni huhesabiwa kuwa ni mwanzo wa kugombea. Adhabu yaweza kufika kufukuzwa kazi. Ofisi inayosimamia sheria hiyo, Office of Special Counsel, hutoa ushauri kwa anayeuliza, na jibu la maandishi ni kinga nzuri. Aulize kabla hajamwomba mtu hata dola moja. Akishaamua kweli, aache kazi kwanza.

Dada yako hafungwi na ajira ya mumewe, kwa hiyo kama anayetaka siasa hasa ni yeye, mlango wake uko wazi.

Bwana Hesabu
Nichukue swali la pili, maana harambee ndiyo itakayowaponza kama hamkutulia.

Bukavu, Nairobi, Dar, London: asiyekuwa raia wa Marekani wala hana grinkadi (kibali cha ukazi wa kudumu) haruhusiwi kutoa hata senti. Si M-Pesa, si Western Union, si kumtumia binamu wa Portland halafu binamu atoe kwa jina lake. Huo mzunguko wa mwisho ni kosa lingine juu ya kosa la kwanza, kutoa mchango kwa jina la mtu mwingine, na watu hufungwa kwa ajili yake. Mwambie msimamizi wa kundi afute ile orodha ya ahadi na aandike wazi kwamba ndugu wa nje waombe dua tu.

Wanaoruhusiwa ni raia popote walipo duniani, na wenye grinkadi. Walio kwenye maombi ya hifadhi, ambao Portland ni wengi, hawatoi fedha. Wanaweza kujitolea bila malipo kugonga milango, kupiga simu, kufasiri. Ila wasikae kwenye meza inayoamua fedha zitumikeje au nani aajiriwe.

Kiwango: kwa uchaguzi wa 2025–2026 mtu mmoja hakuzidisha dola 3,500 kwa mgombea kwa kila uchaguzi, mchujo ukihesabiwa peke yake na uchaguzi mkuu peke yake. Kiwango hupandishwa kila miaka miwili kufuata mfumuko wa bei, kwa hiyo cha 2028 kitasomwa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho ikishatangaza. Fedha za uchaguzi mkuu zilizopokelewa mapema zitengwe. Akianguka kwenye mchujo zinarudi kwa wenyewe. Kampeni nyingi ndogo huzila zikitegemea ushindi, kisha mgombea anajikuta na deni.

Noti taslimu: mwisho dola 100 kwa mtu mmoja. Bahasha isiyo na jina: mwisho dola 50. Kwa hiyo lile kapu la kuzungushwa ukumbini, watu wakitumbukiza huku ngoma inapigwa, liacheni kwenye harusi. Wekeni meza mlangoni yenye fomu: jina kamili, anwani, kazi, mwajiri, na tamko kwamba ni raia au ana grinkadi. Taarifa hizo lazima ziingie kwenye ripoti pindi mtu anapovuka jumla ya dola 200, na kumtafuta mtoaji baadaye ni kazi ya kuchosha, hasa kwetu ambao mtu mmoja ana majina matatu na kila hati ina mpangilio wake.

Duka la vyakula la mjomba, kama ni kampuni iliyosajiliwa, halitoi fedha wala mchele wa bure. Kanisa au msikiti vilevile hautoi. Lakini mtu binafsi akipika pilau nyumbani kwake kwa ajili ya mkutano wa mgombea, chakula, vinywaji na kadi za mwaliko hadi dola 1,000 kwa uchaguzi mmoja havihesabiwi kuwa mchango. Itumieni nafasi hiyo vizuri.

Mpangilio wenyewe uwe hivi. Kwanza atafute mweka hazina, kwa sababu kamati isiyokuwa naye haipokei wala kutumia fedha. Si lazima awe mhasibu, lakini awe mtu asiyeogopa kumkatalia mgombea, na awekewe msaidizi, kwani mweka hazina akijiuzulu bila mbadala kila kitu kinasimama. Kisha namba ya kodi ya kamati kutoka mamlaka ya mapato, halafu akaunti ya benki ya kamati peke yake. Fedha za kampeni zisiguse akaunti ya nyumbani hata kwa siku moja. Cash App yake binafsi asiitangaze.

Akishapokea au kutumia zaidi ya dola 5,000 amekuwa mgombea kisheria: ndani ya siku 15 ajaze tamko la ugombea, na kamati isajiliwe ndani ya siku 10 baada ya hapo. Kabla hajaamua anaweza kupima upepo bila kusajiliwa, lakini viwango na makatazo niliyotaja yanafanya kazi tangu dola ya kwanza. Ripoti za robo mwaka katika mwaka wa uchaguzi ni 15 Aprili, 15 Julai na 15 Oktoba, kisha ya kufunga mwaka 31 Januari. Kuna nyingine kabla ya kila uchaguzi, na mchango wa dola 1,000 na zaidi ukiingia siku za mwisho unatangazwa ndani ya saa 48.

Kitu kinachosahaulika mno: kuvuka dola 5,000 kunadai pia tamko la mali kwa Karani wa Baraza la Wawakilishi. Hilo ni tofauti na ripoti za Tume. Kiwanja cha Bukavu kinachopangishwa nacho kinaweza kuingia humo. Kuchelewa zaidi ya siku 30 kuna faini ya dola 200.

Mwanakivu
Saini. Kwa mgombea wa chama anayetaka kiti cha Baraza la Wawakilishi, Maine inadai saini 1,000 na haipokei zaidi ya 1,500. Zoezi linafunguliwa 1 Januari na mwisho ni 15 Machi saa 11 jioni. Mgombea huru anadaiwa 2,000 hadi 3,000, ila ana muda hadi 1 Juni.

Lengeni 1,350 hivi. Saini zinazokatwa huwa ni za aina zilezile kila mwaka:

Mtu si mwanachama. Tangu 2024 wapiga kura wasio na chama wanaruhusiwa kupiga kura kwenye mchujo wa Maine, na wengi wanadhani basi wanaweza pia kusaini fomu ya mgombea wa chama. Hawawezi. Aliyesaini awe ameandikishwa kwenye chama hichohicho.

Mtu ni wa wilaya nyingine. Maine ina wilaya mbili tu. Portland iko ya kwanza, Lewiston iko ya pili, na watu wetu wamegawanyika katika miji hiyo miwili. Misa ya Kiswahili au arusi Portland itakuwa na wageni kibao kutoka Lewiston. Wakisaini wote umejaza karatasi bure. Kaunti ya Kennebec imepasuliwa katikati, na Augusta, makao makuu ya jimbo, sasa iko ya pili. Ulizeni mji anaoishi mtu kabla hamjampa kalamu.

Mtu amehama hajabadilisha anwani, au jina aliloandika silo lililo kwenye daftari la wapiga kura. Kama daftari linasema Furaha Bahati Mugisho, asiandike Mugisho F. tu.

Kisha kuna asiye raia. Huyu asisaini kabisa, hata kwa nia njema. Saini yake haihesabiwi, na kujionyesha kama mpiga kura wakati wewe si raia ni jambo linaloweza kuharibu faili lako la uhamiaji moja kwa moja. Mzungushaji asiyeuliza swali hilo anamhatarisha jirani yake.

Kila karatasi iwe ya mji mmoja, kwa sababu karani wa mji ndiye anayezihakiki saini za wakazi wake, na karatasi yenye miji mitano inapaswa kuzungushwa kwa makarani watano katikati ya theluji. Mzungushaji aone kila saini ikiwekwa kwa macho yake, halafu aape mbele ya notari (ofisa anayethibitisha viapo na saini) baada ya kumaliza kukusanya. Akiapa asubuhi kisha akaongeza saini jioni, hizo za jioni zimekufa. Karatasi iliyoachwa kaunta ya duka watu wajisainie wenyewe nayo haifai kitu.

Mahali pazuri pa kukusanyia ni mikutano ya chama ya miji, ile ya Februari na Machi, maana waliopo karibu wote ni wanachama. Msitegemee siku ya mchujo wa urais. Mwaka 2024 ilikuwa 5 Machi. Ikiangukia hapo tena, makarani wanabakiwa na siku chache mno za kuhakiki.

Baharia wa Casco
Chama au huru? Maine hutumia kura ya kupanga wagombea kwa nafasi, kwenye mchujo na kwenye uchaguzi mkuu wa viti vya Kongresi. Mpiga kura anaweka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana aliyevuka nusu, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinakwenda kwa chaguo linalofuata.

Mwaka 2018, wilaya ya pili, Bruce Poliquin wa Republican aliyekuwa akishikilia kiti aliongoza raundi ya kwanza kwa kura zaidi ya 2,000. Wagombea huru wawili, Tiffany Bond na Will Hoar, walipoondolewa, Jared Golden wa Democratic akampita na kushinda kwa takriban kura 3,500. Kwa hiyo hoja ya kwamba mgombea huru anagawa kura ina nguvu ndogo Maine kuliko majimbo mengi. Lakini kutogawa kura na kushinda ni mambo mawili, na mfano huo wenyewe unaonyesha mgombea huru akiamua mshindi, si akishinda. Wilaya ya kwanza imekuwa mikononi mwa Chellie Pingree wa Democratic tangu 2009. Kwa maoni yangu ushindani wa kweli huko ni mchujo wa Democratic, hasa mwaka ambao kiti kitakuwa wazi.

Kwenye mchujo wa wagombea watano au sita, afundishe watu kujaza karatasi. Ukiweka majina mawili kwenye nafasi moja, kura yako inaishia hapo. Ukiruka nafasi moja inasogea mbele. Ukiruka mbili mfululizo inazimika. Na kwenye nyumba yenye bango la mpinzani asipite kimya: agonge, aombe nafasi ya pili.

Kipanga
Nami niseme lisilopendwa: Kongresi kwa mara ya kwanza, kutoka sifuri, ni kupanda ukuta bila ngazi. Bunge la jimbo la Maine lina wawakilishi 151, saini zinazotakiwa kwa mwanachama zinaanzia 25, uraia ni miaka 5, na kuna mfuko wa umma unaompa fedha za kampeni mgombea wa uwakilishi akikusanya michango 60 ya dola tano tano. Deqa Dhalac na Mana Abdi, wenye asili ya Somalia, waliingia humo mwaka 2022, na Dhalac alianzia baraza la mji wa South Portland.

Kwa mtu wa Posta kuna jambo zuri zaidi. Baraza la jiji la Portland na bodi ya shule huchaguliwa bila vyama, kwa hiyo Hatch Act haimzuii. Anagombea na mshahara wake unaingia.

Dada Zawadi
Nimempigia, amenyamaza kidogo kwenye lile la Posta. Baraza la jiji analifikiria. Swali moja: kuna mjomba wa London tayari ametuma dola 300 kwenye Zelle ya dada. Zimekaa tu hazijatumika.

Bwana Hesabu
Zirudishwe leo, kwa njia ileile zilikotokea, na risiti ihifadhiwe pamoja na ujumbe unaoeleza kwa nini zinarudi. Zisihamishiwe kwenye akaunti ya kampeni hata kwa saa moja, na asimwambie mjomba azigeuze kuwa zawadi ya sikukuu.