Mzee wa kalamu tatu leo kanitemea njegere mbele ya ofisi nzima

Waya_Mwekundu (mwanzisha uzi), Jumatatu saa 5:12 asubuhi

Wakubwa shikamoo. Wadogo msinisalimie, leo sina moyo wa kuitikia.

Naandika nikiwa nimejifungia chumba cha seva, zile kompyuta kuu za ofisi ninazozilinda mimi, baridi nyuzi 18, nimejifunika koti la mlinzi linalonuka moshi wa muchomo. Sitoki humu mpaka hasira ishuke au mpaka nibanwe na haja, kitakachotangulia.

Simtaji jina, ni mkubwa wetu ofisini. Nyote mnamjua. Yule yule. Kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Anayechapisha barua pepe ndipo aisome, akimaliza anaigonga muhuri.

Kikao cha asubuhi, tumefika kwenye betri za akiba za seva. Mimi sijafungua mdomo. Yeye kafungua, na ndani mna sambusa. Kaninyooshea kidole kinachong'aa mafuta, kasema: "Kwani huyu kijana akikosekana, nini kinaharibika?"

Alipofika kwenye "kinaharibika", njegere ikamchomoka. Banange, niliiona ikija. Ilipaa juu ya faili za watu, ikapita chupa ya maji, ikatua kwenye kibodi yangu katikati ya G na H. Nzima. Haijaguswa na jino. Na watu wakacheka! Mama wa chai, ambaye simu yake namtengenezea bure, alicheka mpaka akaweka birika chini.

Kijana! Nina miaka 44, nina mvi mpaka kwenye nyusi.

Sasa niulizeni Jumamosi nilikuwa wapi. Nilikuwa Kireka kwa wazee wangu wa omweso, bao letu la kete, nimeshakula kete za jirani mara mbili, jioni tuhamie kibandani kuangalia Arsenal. Simu ikalia. Umeme umekatika, jenereta imechelewa, betri zimezimia (betri zilezile alizokataa kuzinunua), na mfumo uliporudi diski moja kati ya sita zinazotunza data ikawa imekufa. Kwa mpangilio wetu ikifa moja unapona. Ikifa ya pili kabla ile mpya haijajazwa data upya, mishahara, madeni, kila kitu, kwaheri. Nikapanda boda na mvua, kaveera (mfuko wa plastiki) kichwani. Usiku kucha nimekaa sakafuni naangalia namba za diski mpya ikijazwa. Asilimia 38. Asilimia 41. Asilimia 41. Asilimia 41! Rolex yangu, chapati iliyoviringishwa na mayai, imepoa mpaka mayai yamekuwa kama soli ya kandambili. Saa kumi na moja alfajiri ikafika mia. Leo kila mtu kafungua kompyuta yake, imewaka, hakuna aliyejua lolote. Naye anauliza nini kinaharibika.

Na njegere.

Huyu ndiye aliyenijia Mei 2024, zile kebo za baharini zilipokatika huko karibu na Afrika Kusini na intaneti ikawa inatambaa. Nikamweleza kwa adabu: mzee, Uganda yetu haina bahari, sehemu kubwa ya intaneti yetu inapandia Mombasa, tusubiri. Akafikiri sana, akasema, "Si mtumie ya Entebbe? Kule ziwani maji yapo."

Nikanyamaza. Leo siwezi. Bado ipo hapa kwenye kibodi. Sijaitoa. Ni ushahidi.

BodaWaNtinda

Pole bosi. Lakini njegere ilikuwa imeiva au mbichi?

Mama_Hisabu

Mimi niko upande wa mzee. Watu wa kompyuta mna kiburi. Mtu anakuja na shida yake, hata hamuinui uso: "Umeizima ukaiwasha?" Nimeizima! Nimeiwasha! Ningekuwa na jibu ningekuja kwako?

Waya_Mwekundu

@Mama_Hisabu na ulipoizima ukaiwasha ilipona au haikupona?

Mama_Hisabu

Ilipona. Siyo hoja.

Seva_ya_Mbarara

Ndugu yangu nakuelewa mpaka kwenye figo. Bosi wangu mimi kila Jumatatu ananiuliza kwa nini Facebook haifunguki. Nchi nzima ilifungiwa Januari 2021! Nimemweleza, nimemchorea, nimemletea gazeti. Wiki inayofuata: "Bado hujaitengeneza?" Halafu ile Ijumaa ya Julai 2024, kompyuta milioni 8 na nusu duniani zilipogeuka bluu kwa sababu ya sasisho moja bovu, akanipigia saa kumi na mbili jioni anapumua kama amekimbizwa na mbwa: "Na sisi tumepatikana, skrini yangu ni nyeusi!" Nimefika. Skrini ilikuwa imezimwa. Kwa kitufe. Na yeye.

Kibanda_Umiza

Kwa hiyo Arsenal hukuiangalia?

Njegere_Moja (amejiunga leo)

Naomba na mimi nisikilizwe. Sikutaka kuruka. Nilikuwa nimetulia ndani ya sambusa na wenzangu.

BodaWaNtinda

Hahahaaa nani kafungua hii akaunti

Waya_Mwekundu

Mnacheka. Nyinyi hamkuwepo. Ilikuwa na joto bado! Iligusa kibodi ikatoa kamvuke kadogo, naapa. Na yeye hakuomba hata radhi, aliitazama, akaniambia, "Hiyo nayo utaizima uiwashe?" Ndipo wakacheka mara ya pili.

Mama_Hisabu

Hapo mzee kakupiga bao. Tukubali.

Mwl_Arusha

Mkuu mleta uzi, pole, ila "nimejifunika koti" na "nimevaa koti" si kitu kimoja. Ulijifunika au ulivaa?

Waya_Mwekundu

Mikono haikuingia. Nimejifunika.

Afande_Mstaafu

Mwalimu wa Arusha tuache. Sisi tulipojifunza hiki Kiswahili kambini hapakuwa na kujifunika wala kuvaa, palikuwa na "simama" na "lala chini". Baraza la mawaziri limekipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022 tu, mtuvumilie. Miaka yote hapa Kampala ukiongea Kiswahili kwenye taksi watu wanashika mifuko yao, wanadhani ama ni askari ama ni mwizi.

Binti_Jinja

Afande kweli tupu. Nilimwuliza konda nauli kwa Kiswahili akanirudishia chenji bila kuomba.

Mwl_Arusha

Chenji au baki?

Afande_Mstaafu

Lala chini!

Seva_ya_Mbarara

Turudi kwenye mada. Mleta uzi, unajua tuna sikukuu yetu? Ijumaa ya mwisho ya Julai kila mwaka, siku ya wasimamizi wa mifumo, tangu 2000. Mmarekani mmoja aliianzisha. Mimi huwa najinunulia keki. Naila peke yangu chumba cha seva.

Binti_Jinja

Hii ndiyo sentensi ya huzuni kuliko zote nilizosoma mwaka huu.

Kibanda_Umiza

Nyinyi mnalia na diski. Mimi naonyesha mpira, wateja 90 wamelipa, dakika ya 88, penalti, umeme unakwenda. Hivi mmewahi kuona watu 90 wakidai shilingi elfu moja moja kwa wakati mmoja gizani? Nililala chini ya benchi.

Duka_Kikuubo

Bando ndizo zinaniua mimi. Mnakumbuka 2018, kodi ya shilingi 200 kwa siku ndipo uingie WhatsApp? Ilipoondoka 2021 tukashangilia, kumbe kuna asilimia 12 imeingia mlango wa nyuma, juu ya bando. Angalau ile ya 200 ningeikwepa kwa VPN, ile programu ya kuficha unakoingilia mtandaoni.

BodaWaNtinda

VPN ilikuwa inamaliza betri yangu kabla ya saa sita mchana. Abiria ananipigia simu imezima. Nilipoteza wateja kuliko hizo 200.

Waya_Mwekundu

Wapendwa, mzee huyu sasa hivi amegonga mlango wa chumba cha seva. Anasema printa haitoi karatasi. Nimemjibu kupitia mlangoni: "Kwani mimi nikikosekana, nini kinaharibika?" Kimya. Namsikia anapumua.

Kibanda_Umiza

Hapo sawa!!! Usifungue!!!

Mama_Hisabu

Printa za nyinyi watu hizo. Yetu inasema karatasi imekwama na hakuna karatasi. Nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nimetoka na wino mpaka leo kucha ni za bluu.

Binti_Jinja

Mimi nataka kujua sambusa zenyewe za wapi. Zenye njegere nzima namna hiyo siku hizi nadra. Huku nilipo wanajaza wali.

Duka_Kikuubo

Sambusa ya wali ni chakula cha mchana kilichofichwa. Siitambui.

Afande_Mstaafu

Ya wali inashibisha. Tuheshimiane.

Njegere_Moja

Ya wali hairuki.

Mwl_Arusha

Kwetu sambusa ni ya nyama. Hizo nyingine mnaziita sambusa kwa ruhusa ya nani?

Binti_Jinja

Mwalimu nyama kwa bei ipi? Kuna mama mmoja Wandegeya, kibanda cha bluu, anakaanga mbele yako. Njegere zinachemshwa na kitunguu na pilipili kidogo, manda nyembamba mpaka unaona kivuli cha kidole. Ukifika baada ya saa kumi hukuti kitu.

Mama_Hisabu

Huyo namjua! Yule mwenye mwiko uliokatika mpini! Zake ndizo sambusa zenyewe.

Waya_Mwekundu

Kalamu moja imepita chini ya mlango. Ameandika kwenye kikaratasi lakini hakisomeki, kalamu haina wino. Nadhani ni "tafadhali". Au "tafuta". Nani anaweza kusoma mikwaruzo niweke picha?

Kibanda_Umiza

Hizo manda anatumia unga wa ngano wa chapati au ule mwingine?

MSIMAMIZI

Uzi umehamishiwa Jukwaa la Mapishi.

Waya_Mwekundu

Mapishi?? Msimamizi!

Binti_Jinja

Wa chapati huohuo, ila anaukanda kwa maji ya moto na chumvi, mafuta vijiko viwili, anaulaza nusu saa. Usiweke hamira kabisa.

Duka_Kikuubo

Unga nusu kilo unatoa ngapi?