Namna ya kumpokea boa mchanga katika nyumba yenye watoto na mzee, Tudor

Mkaazi wa Tudor

Assalaam aleikum, ndugu zangu na wazee wangu. Rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye hufuga wanyama watambaao kwa kibali na kuwatumia kuwafundishia wanafunzi, anahama nchi, na amenichagua mimi nimchukue boa mchanga, nyoka asiye na sumu, aliyezaliwa kwake miezi mitano iliyopita. Urefu wake ni kama sentimita 60 na unene wake haujazidi kidole gumba changu. Ombi langu la kibali limekwisha kupelekwa KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, na tumekubaliana kwamba mnyama hatatoka kwake mpaka jibu lipatikane, kwa hivyo muda huu nautumia kutayarisha nyumba.

Nimepata tangi la kioo lililokuwa la samaki, lenye urefu wa sentimita 90, na nimenunua taa ya wati 100 ya kuweka ndani, kwa sababu kila maelezo niliyoyasoma yanasisitiza joto. Tangi nimeliweka sebuleni, karibu na dirisha linalotazama mkono wa bahari. Nina mke anayeniunga mkono, watoto wawili wa miaka 9 na 4, na mama yangu mzazi, ambaye kaka yake aliumwa na kifutu shambani Kwale alipokuwa kijana na akapoteza mguu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami sitaki kuidharau hofu ya mama.

Naomba mniambie kama matayarisho haya yanatosha, na siku za mwanzo tumtendee vipi mgeni huyu ili asidhoofike na watu wa nyumbani wasiishi kwa wasiwasi.

Msomaji wa Sheria, Ganjoni

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Umefanya vyema kungoja kibali, wala usikubali kumchukua hata siku moja kabla, hata ukiambiwa kwamba ni kumweka tu kwa muda. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haichukulii jambo hili kwa wepesi, na boa pia yumo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini, kwa hivyo karatasi zinazoonyesha wazazi wake waliingiaje nchini ni muhimu kama kibali chako mwenyewe. Mwombe rafiki yako nakala za zote kabla hajasafiri, kwa maana akishafika ng'ambo itakuwa vigumu kuzipata.

Naongeza neno moja tu. Huyu ni mnyama wa Amerika ya Kati na Kusini, si wa kwetu. Ikitokea siku moja kwamba hamuwezi tena kumtunza, asiachiliwe kamwe katika misitu ya Shimba Hills wala Arabuko-Sokoke kwa dhana ya kumhurumia. Katika kisiwa cha Aruba maboa yaliyotoka mikononi mwa watu yamezaana porini, yanakula ndege na mijusi wa kisiwa, na mpaka leo hayajaweza kuondolewa. Ukishindwa, warudie KWS.

Mtengeneza Vizimba, Bamburi

Ndugu yangu, naomba taa hiyo ya wati 100 uirudishe dukani ukiweza. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu mnyama wangu wa kwanza nilimuua kwa taa kama hiyo, nikifuata maelezo yaliyoandikwa na watu wanaoishi kwenye theluji. Huko chumba kina nyuzi 18, na taa inapandisha joto mpaka mahali panapofaa. Hapa kwetu, wakati wa kaskazi, chumba chenyewe kinafika nyuzi 32 mchana, na tangi la kioo likiwashwa taa huwa tanuri. Boa mchanga anahitaji upande mmoja wenye nyuzi 31 hivi na upande wa pili wenye nyuzi 26 au 27, ili achague mwenyewe mahali pa kulala. Joto likipita nyuzi 35 pande zote mbili, hana pa kukimbilia. Baridi kidogo ya siku mbili tatu itampunguzia hamu ya kula tu, lakini joto kali linaweza kumuua mchana mmoja, nanyi mko kazini. Ndiyo sababu hapa Mombasa kukatika kwa umeme hakunitishi sana kama jua la dirishani linavyonitisha. Liondoe tangi hapo leo hii, kabla hujafanya jambo jingine lolote.

Wakati wa kusi ni tofauti. Usiku wa Julai joto la nje hushuka mpaka karibu nyuzi 20, na hapo utahitaji kibao chembamba cha kupasha joto, kinachobandikwa chini ya tangi kwa upande wa nje, tena kiongozwe na themostati, kifaa kinachozuia joto lisipite kiwango ulichoweka. Usitie kitu chochote cha moto ndani ya tangi, kwa maana nyoka hujiviringisha juu ya chenye joto wala hang'amui mapema kwamba ngozi inaungua.

Unyevunyevu nao hausumbui hapa kwa uhaba. Boa anataka asilimia 60 mpaka 70, na hewa ya pwani mara nyingi inao unyevunyevu huo yenyewe. Tatizo la tangi la samaki ni kwamba hewa haipiti. Chini panarowa, na baada ya wiki chache magamba ya tumboni huanza kuwa mekundu na kuoza. Mwombe fundi akutengenezee kifuniko cha fremu ya mbao na wavu mgumu wa chuma wenye matundu madogo, chenye komeo pande mbili. Usiridhike na jiwe la kukandamizia, kwa kuwa mnyama mwenye unene wa kidole gumba husukuma kwa pua usiku kucha, na akipata mwanya anaoweza kupitisha kichwa, mwili wote utapita.

Chini ya tangi utandike magazeti kwa mwezi wa kwanza. Hayapendezi, lakini yatakuonyesha choo chake, na yatakuonyesha pia utitiri akiwa nao, vijidudu vidogo vyeusi vinavyoonekana hasa ndani ya bakuli la maji. Baadaye unaweza kutumia usumba wa makumbi, ambao kwetu ni rahisi kuupata, ila uulize umetoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la pwani yana chumvi nyingi, na lazima yaoshwe mara kadhaa kwa maji baridi kisha yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa. Maranda ya karakana siyapendi kwa sababu ya vumbi, na ya msonobari au mwerezi yana mafuta yanayomdhuru pumzi.

Muwekee maficho mawili, moja kila upande, yawe madogo kiasi cha kumgusa ubavuni akijikunja, kwa kuwa nyoka hutulia anapohisi amebanwa. Nusu ya chungu cha maua inatosha. Muwekee na bakuli zito la maji ambalo hawezi kulipindua. Halafu uliache tangi hilo tupu kwa wiki nzima, ukisoma kipimajoto asubuhi, adhuhuri na usiku, na kuandika. Hilo ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote niliyoyataja, maana tangi tupu likikosea halimuumizi mtu.

Mama wa Kibokoni

Mwanangu, mimi si mfugaji, ila kijana wangu alifuga nyoka kwa kibali kwa miaka minne, na nyumba yetu ya Mji wa Kale ina kuta zinazogusana na za majirani, kwa hivyo naweza kusema juu ya watu.

Bibi yangu alitulea kwa kutuambia kwamba nyoka akionekana ndani ya nyumba asipigwe upesi, bali aambiwe kwa sauti ya upole atoke. Majirani zetu wengine hawakulelewa hivyo. Siku moja nyoka wa kijana wangu alitoka kupitia mlango uliosahauliwa wazi, akaonekana kwenye ngazi, na kabla hatujapata kusema neno alikuwa amepigwa kwa mchi. Jirani hakukosea, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia. Tuliokosea ni sisi, tuliodhani kwamba kunyamaza ni kuepusha fitina. Nenda kwa majirani wa pande zote kabla mnyama hajafika, uwaambie ni wa namna gani, kwamba hana sumu, na uwape nambari yako ya simu ili wakimwona wakupigie kwanza. Msaidizi wa kazi za nyumbani naye aambiwe mapema, na akikataa kufagia chumba hicho asilazimishwe.

Kuhusu mama yako, mnyama asikae sebuleni. Sebule ni mahali pake pa kuswali, kupokea wageni na kupumzika, na si haki ajione mgeni hapo kwa umri wake. Chagua chumba chenye mlango wa kufungwa kwa ufunguo. Wala usimwambie kwamba nyoka huyu ni mpole, kwa kuwa yeye anaukumbuka mguu wa kaka yake. Mwambie tu atakaa wapi, nani ana ufunguo, na kwamba hakuna atakayemleta mbele yake bila ya yeye kuomba.

Kwa watoto nina hofu moja ambayo sijaiona ikitajwa. Mtoto aliyezoea nyoka wa nyumbani anaweza kumwona kifutu au fira chini ya mkorosho akadhani ni yuleyule. Wafundishe kila mara kwamba ruhusa ni kwa huyu mmoja tu, akiwa mikononi mwa baba, na kwamba nyoka wa nje haguswi wala hasogelewi. Wa miaka 4 asimguse kabisa kwa sasa, kwa sababu wanyama hawa hubeba vijidudu vya salmonela hata wakiwa wazima, na watoto walio chini ya miaka mitano huugua vibaya zaidi. Wengine wote wanawe mikono kwa sabuni, na bakuli lake lisioshwe kwenye sinki la jikoni.

Mkaazi wa Tudor

Nawashukuru sana. Mama wa Kibokoni, maneno yako nilimsomea mama jana baada ya magharibi, akanyamaza kitambo, kisha akauliza ni chumba gani. Tangi nimelihamishia kwenye chumba kidogo cha nyuma kisichopigwa na jua. Sasa nabaki na suala la chakula. Rafiki yangu humpa kipanya hai kila wiki, nami nilikuwa nimefikiria kutumia panya wanaonaswa na mitego hapa mtaani. Je, nimlishe siku ileile atakapofika?

Daktari wa Wanyama, Kisauni

Ndugu, panya wa mtaani usimpe kabisa. Karibu kila mtaa wa mji huu watu hutega sumu ya panya, na panya aliyeila hutembea siku kadhaa kabla ya kufa, kwa hivyo aliyenaswa akiwa mzima huenda tayari amebeba sumu, mbali na minyoo na maradhi mengine. Tafuta mtu anayezalisha panya weupe, au uzalishe mwenyewe majike wawili na dume mmoja. Wagandishe baada ya kuuawa kwa njia isiyo na mateso, na unapotaka kumlisha, mtoe mmoja, mtie ndani ya mfuko uliofungwa, umzamishe kwenye maji ya uvuguvugu mpaka asibaki na barafu hata tumboni. Kipanya hai nisingekishauri. Nimewatibu nyoka walioumwa usoni na panya ambao waliachwa nao usiku kucha, na jeraha la jicho halina marekebisho.

Siku atakapofika, msafirishe jioni, ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa na kuwekwa kwenye boksi lenye matundu, wala usimwache ndani ya gari lililoegeshwa. Mweke ndani ya tangi, funga, ondoka. Methali yatufundisha kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mgeni huyu mpe siku saba kamili za kuachwa, bila kushikwa, bila kupigwa picha, bila watoto kugonga kioo. Mbadilishie maji tu. Chakula cha kwanza kiwe siku ya saba, jioni, panya mwenye unene usiozidi sehemu nene zaidi ya mwili wa boa, kwa koleo refu. Akikataa, toa chakula, ngoja siku saba nyingine. Boa mchanga mwenye afya anaweza kukaa wiki tatu bila kula na asidhurike, na wanaoharibu mambo ni wamiliki wanaomjaribu kila siku.

Akishaanza kula, siku kumi baina ya mlo na mlo zinatosha. Baada ya kula asishikwe kwa saa 48 angalau. Akitapika, usimlishe tena mpaka zipite siku 14, kisha umpe kitu kidogo zaidi, na ukague joto, kwa maana mara nyingi chanzo ni hicho. Kumshika kuanze baada ya milo mitatu iliyokaa tumboni, dakika tano tu, ukimwinua kutoka ubavuni na si kwa kumshukia kutoka juu kama mwewe. Macho yakigeuka ya samawati iliyofifia, anataka kujivua gamba na haoni vizuri, kwa hivyo mwache mpaka amalize. Lakini ukimsikia akikoroma, ukaona mapovu mdomoni, au akawa anainua kichwa na kupumua kinywa wazi, usingoje, mlete.

Mpime kwa mizani ya gramu kila mwezi na uandike. Akitunzwa vyema atafika mita mbili au zaidi na kuishi miaka 20 au hata 30, maana yake mtoto wako wa miaka 4 atakuwa mtu mzima na mnyama bado yuko.

Mkaazi wa Tudor

Daktari, nimeyaandika yote kwenye daftari la tangi. Wiki ya kwanza ya tangi tupu imekwisha. Mahali pa zamani, dirishani, kipimajoto kilisoma nyuzi 37 saa nane mchana, bila taa. Chumba cha nyuma hakijapita nyuzi 30 wala kushuka chini ya 25, kwa hivyo kibao cha joto nitakiwasha kwa upande mmoja tu. Fundi wa Bamburi ameniletea kifuniko chenye komeo mbili. Majirani watatu nimewaona, na wa nne yuko safarini Lamu. Mama amesema mlango wa chumba hicho uwe na funguo mbili, moja yangu na moja yake, na yake ameitia kwenye mkufu wake.