Naomba ushauri: tuanze kulipa deni lipi?

Habari zenu ndugu. Mimi na mume wangu, wakazi wa Kayole, Nairobi, tumeandika madeni yetu yote kwenye daftari moja: mkopo wa sacco wenye riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, mikopo ya simu yenye ada nzito kwa muda mfupi, na deni la dukani. Makato ya mshahara wake yamefika theluthi mbili, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Sheria ya Ajira ya 2007, hivyo tunategemea mapato ya kibanda changu cha mboga. Naona tumalize ya simu kwanza. Yeye anataka tuanze na wa sacco ili kuwaachilia mapema wadhamini wake, yaani waliomdhamini kwa mkopo huo, na naiheshimu hofu yake. Mliopitia haya, mlipangaje?